Mvua Kubwa ya Mawe Kigoma: Mwongozo Kamili wa Kulinda Watu, Nyumba na Shamba

Kigoma ni mji wa joto. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekulia Kibirizi, Katonga au Ujiji hana koti zito kabatini wala hana sababu ya kulinunua. Kwa hiyo mvua ya mawe inapokuwa kubwa kiasi cha kuacha viwanja vyeupe na barafu inayofunika vifundo vya miguu, huwakuta watu hawana maandalizi yoyote. Wengine hutoka nje na simu kupiga picha, watoto huokota mawe na kuyatia mdomoni, na hutokea mtu akasema kwamba theluji imeshuka.

Theluji haishuki Kigoma. Theluji huhitaji hewa yenye baridi kali kuanzia mawinguni hadi karibu na ardhi, na hapa nchini hali hiyo hupatikana kwenye kilele cha Kilimanjaro. Mvua ya mawe ni jambo jingine, na joto letu halituepushi nayo, bali ndilo linaloichochea. Jua linapochoma ardhi yenye unyevu, hewa hupanda kwa nguvu na kujenga wingu refu ambalo kichwa chake huvuka kimo cha mita 5,000, mahali ambapo katika ukanda huu wa tropiki maji huanza kuganda. Matone husukumwa juu na upepo wa ndani ya wingu, huganda, huvikwa tabaka za barafu, na huanguka pale yanapokuwa mazito kuliko nguvu ya upepo unaoyabeba. Yakiwa njiani huyeyuka kwa sehemu, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya watu wa Kalinzi, Manyovu na Heru Juu, walio kwenye miinuko, wayazoee zaidi kuliko watu wa mwaloni. Mawe yanayofika ufukweni yakiwa bado makubwa yametoka kwenye dhoruba yenye nguvu nyingi, na yafaa kuchukuliwa kwa uzito huo.

Yapo mambo mawili ya kukumbuka kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 2008, karibu na Nyahururu nchini Kenya, mawe yaliyoshikana yalifunika eneo kubwa la bonde hata wakazi wakatembea juu ya barafu. Machi 2015, katika kata ya Mwakata, Kahama, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo ilipiga usiku na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizowaangukia. Mawe yenyewe hudumu kwa dakika chache, mara nyingi chini ya nusu saa. Kinachoua na kufilisi ni ukuta uliolowa, maji yaliyozibiwa njia na barafu, baridi ya usiku unaofuata, na haraka ya mkulima anayeng'oa shamba ambalo lingechipua. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa muda, kuanzia kabla ya msimu hadi wiki ya pili baada ya tukio.

Hatua ya kwanza: kagua nyumba kabla ya msimu

Mvua za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ukaguzi ufanyike Septemba, wakati fundi anapatikana na bati ni kavu.

Anza na kuta, wala usianze na bati, hata kama bati ndilo linalopiga kelele. Tofali mbichi hudhoofika chini, pale maji yanaporuka kutoka ardhini na kula udongo kidogo kidogo. Zunguka nyumba na uangalie sentimita 50 za chini za kila ukuta. Ukikuta udongo umeliwa hadi tofali limeingia ndani, au ufa unaopita mlalo kutoka kona moja hadi nyingine, ukuta huo hauwezi kuaminiwa usiku wa dhoruba. Jaza sehemu iliyoliwa kwa mawe na saruji, inua udongo ulioshindiliwa kuzunguka msingi ili maji yakimbie nje, na kama paa halina upenu wa kutosha, liongeze lipite ukuta kwa sentimita 60 au zaidi. Ikiwa uwezo wa kukarabati haupo mwaka huu, fanya mpango mwingine mapema: zungumza na jirani mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, mkubaliane kwamba wingu baya likionekana watoto na wazee watalala kwake. Ombi hilo si aibu hata kidogo, na likitolewa mchana kweupe hupokelewa vizuri kuliko hodi ya saa nane usiku.

Kwenye paa, angalia misumari iliyolegea, papi zilizooza na mabati membamba. Bati la geji 32 hubonyea na hata kutoboka kwa mawe ambayo bati la geji 28 huyastahimili, kwa hiyo anayejenga sasa na aongeze fedha hapo kabla ya kufikiria rangi. Mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, yakishapigwa na jua kwa miaka kadhaa, huvunjika kama kaukau, na vipande vyake huwaangukia walio chini. Usilaze kitanda chini yake.

Nyumba za kisasa ambazo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta zinahitaji uangalifu wa pekee, na mafundi wengi hawalisemi jambo hili kwa mteja. Paa la kawaida lenye mwinuko humwaga mawe chini. Paa lililofichwa huyakusanya. Mawe yaliyoshikana kwa kina cha sentimita 10 yaweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 60 kwa kila mita ya mraba, na hivyo paa la mita 8 kwa 10 laweza kubeba zaidi ya tani 4 ambazo kenchi zake, yaani mbao zinazobeba paa, hazikukusudiwa kuzibeba. Hali huwa mbaya zaidi barafu inapoziba tundu la kutolea maji, kwa kuwa maji yanayofuata hujaa juu yake na kutafuta njia kupitia dari. Mwenye nyumba ya namna hiyo ahakikishe kuna matundu mawili au zaidi kila upande, mapana ya kupitisha ngumi, na juu yake kuwe na tundu la ziada linalotoboa ukuta, ambalo litamwaga maji nje endapo yale ya chini yataziba.

Safisha gata na mifereji ya barabarani iliyo mbele ya kwako. Kwa sola, fahamu kwamba paneli nyingi hupimwa kiwandani kwa kupigwa na duara la barafu la milimita 25. Mawe makubwa kuliko hayo yaweza kuzipasua. Weka tayari godoro kuukuu au magunia mawili yaliyoshonwa pamoja kwa ajili ya kuzifunika, lakini zifunikwe kabla mvua haijaanza, na zisifunikwe kamwe na mtu aliyepanda juu ya bati wakati radi inalia.

Hatua ya pili: tambua dalili

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Taarifa hizo hutaja mikoa na haziwezi kutaja mtaa wako, hivyo macho yako bado yana kazi. Mawe mengi huanguka alasiri au jioni baada ya asubuhi yenye joto la kubana. Wingu hupanda haraka, kitako chake huwa cheusi, ngurumo husikika mfululizo, kisha upepo wa baridi huvuma ghafla kutoka upande wa wingu. Baada ya upepo huo huja matone makubwa yaliyoachana, na mara jiwe la kwanza hugonga bati. Ukihisi upepo wa baridi, una dakika chache tu. Zitumie kuingiza watoto na wanyama ndani na kuzima swichi kuu ya umeme. Dagaa na nguo havina thamani ya kumfanya mtu abaki nje.

Hatua ya tatu: jikinge wakati mawe yanaanguka

Aliye ndani akae mbali na madirisha, mbali na ukuta unaopigwa na upepo, na chini ya meza imara ikiwa paa lina shaka. Ukiona ukuta wa udongo unatoa nyufa mpya au vumbi linadondoka kwenye kona, toeni watu nje upande wa pili mkiwa mmefunika vichwa kwa masufuria, mabeseni au magodoro, kwa maana majeraha ya mawe kwa kawaida hupona, lakini aliyefukiwa na ukuta usiku huokolewa kwa nadra.

Aliye nje asikimbilie mwembe. Ujiji na vitongoji vyake vimejaa miembe mikubwa ambayo watu wameizoea kama kivuli, na mazoea hayo ni hatari siku ya dhoruba, kwa sababu mti huo huvuta radi na matawi yake yaliyojaa barafu hukatika. Ingia kwenye nyumba, duka, shule au gari. Usipopata chochote, funika kichwa na shingo kwa mkoba, ndoo au mikono. Bodaboda asimame, abaki na kofia yake ngumu kichwani, aingie barazani pamoja na abiria wake. Dereva asogeze gari pembeni, mahali pasipo miti wala korongo, na waliomo ndani wageuzie vioo migongo na kufunika nyuso.

Kwa wavuvi, ushauri ni mmoja na umeandikwa kwa msisitizo: usisubiri jiwe la kwanza. Ngurumo ikisikika huku wingu likiwa bado upande wa milimani, kusanya nyavu na urudi. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, kwa hiyo ukihesabu sekunde 15 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko kilomita 5 tu, na wingu linalotembea hukata umbali huo haraka kuliko injini ndogo inayosukuma boti lililojaa dagaa. Aliyenaswa katikati ya ziwa avae jaketi la kuokolea, ashushe milingoti ya taa, aelekeze omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwenye mawimbi, ajifunike kichwa kwa beseni au ubao, na aanze kukumba maji pamoja na barafu mara moja, kwa kuwa vyote ni uzito ndani ya mtumbwi.

Hatua ya nne: saa ya kwanza baada ya mawe

Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka. Kisha hesabu watu, wakiwemo watoto waliokuwa njiani kutoka shuleni, na waulizie wazee wanaoishi peke yao. Nyumba ikiwa imeanguka na watu wamo, piga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112, na ondoeni vifusi kwa mikono mkianzia juu, bila kuvuta mbao zinazoshikilia kitu kingine.

Kazi inayofuata ni kufungua njia za maji. Barafu iliyosombwa hurundikana kwenye mifereji na makalavati, na mtaa ambao haujawahi kufurika hufurika siku hiyo kwa sababu hiyo. Tumia koleo na jembe, vaa viatu vilivyofunika mguu, kwani chini ya barafu kuna vioo, misumari na wakati mwingine waya wa umeme uliokatika. Waya ukionekana, kaeni mbali nao na mpige simu TANESCO, hata kama mtaa mzima hauna umeme.

Usipande juu ya bati lenye barafu. Kwenye paa lililofichwa, zibua tundu la maji kwa mti mrefu ukiwa juu ya ngazi iliyoshikwa na mtu mwingine, na wote waliomo ndani wawe wametoka. Ukiona dari imejikunja katikati au milango imekuwa migumu kufunguka, msirudi ndani hadi barafu iyeyuke na fundi aikague.

Watoto wasile mawe. Barafu iliyopita juu ya bati imebeba vumbi, kinyesi cha ndege na kutu. Anayetaka kuitumia kupoza samaki aiweke nje ya chombo kilichofungwa, isigusane na samaki.

Hatua ya tano: usiku wa baridi

Barafu inapoyeyuka hunyonya joto la hewa, na jioni ya Kigoma huweza kuwa na baridi ambayo watoto wachanga hawajawahi kuionja. Vua nguo zilizolowa, mkaushe mtoto kichwani, mvike nguo kavu, na umlaze katikati ya watu wazima. Anayetetemeka mfululizo apewe uji au chai yenye sukari. Aliyeacha kutetemeka huku akiwa amelegea na maneno yake hayaeleweki yuko katika hatari kubwa na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Kishawishi huwa kikubwa usiku kama huo, na ndiyo sababu jambo hili limewekewa aya yake. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia iliyofunga madirisha kwa sababu ya baridi yaweza kulala isiamke. Ota moto barazani, kisha uingie ndani na jiko libaki nje.

Vifaranga na watoto wa mbuzi walionusurika mawe yenyewe waweza kufa kwa baridi usiku huu. Wawekee maranda au majani makavu, wasongamane mahali pasipopitisha upepo.

Dagaa walioloweshwa wakiwa chanjani wasirudishwe kwenye mchanga wenye unyevu. Ambao bado wana harufu nzuri waoshwe kwa maji safi, watiwe chumvi na kukaangwa au kukaushwa kwa moshi siku hiyohiyo. Walioanza kulainika tumboni wasipelekwe sokoni.

Hatua ya sita: andika hasara kabla ya kusafisha

Asubuhi, kabla ya kuondoa bati moja, piga picha za kila chumba, kila upande wa paa na kila kona ya shamba. Weka rula au sarafu kando ya jiwe lililobaki au kando ya shimo kwenye bati, ili ukubwa uonekane. Andika saa mvua ilipoanza na ilipokoma. Peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, kwa sababu kamati za maafa, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka hadi ngazi ya kijiji na mtaa, hufanya kazi kwa orodha, na jina lisiloandikwa halipati turubai. Mwenye bima ya mazao aitaarifu kampuni siku hiyohiyo na asing'oe kitu hadi mkaguzi afike.

Hatua ya saba: shamba, na subira yake

Hapa ndipo ninapoomba mkulima anisikilize kwa makini, kwa kuwa hasara nyingi ya shamba hufanywa na jembe siku mbili baada ya mawe. Shamba lililopigwa hutisha. Mahindi hubaki na nyuzi badala ya majani, maharage hubaki vijiti, na moyo humtuma mtu kulima upya. Subiri siku 7 hadi 10. Katika siku hizo usiingie kwenye maharage yakiwa yamelowa, kwa maana magonjwa ya bakteria huingia kupitia majeraha, na nguo zako na miguu yako huyabeba kutoka shina hadi shina.

Kwa mahindi, swali la kujiuliza ni kimo. Mche ambao haujafikisha majani sita una kitovu cha ukuaji, yaani ncha changa inayotoa majani, chini ya udongo, hivyo hata ukikatwa wote juu, una nafasi kubwa ya kuota tena. Kwa mkubwa zaidi, chukua mashina matano kutoka sehemu tofauti za shamba, uyapasue kwa kisu kwa urefu kuanzia chini, na uangalie ncha ya ndani. Ikiwa nyeupe na ngumu, mmea uko hai. Ikiwa ya kahawia na laini, umekufa. Majani yaliyosokotana juu kwa kawaida hufunguka yenyewe, na kuyachambua kwa mkono huongeza majeraha. Mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele, yaani ua la juu, hayatoi majani mapya, na hapo mavuno yatapungua kulingana na majani yaliyobaki.

Maharage yaliyokatwa juu ya jozi ya kwanza ya majani huchipua kwenye makwapa ya chini. Yaliyokatwa chini ya majani-mbegu, yale mawili manene yanayotoka ardhini na mche, hayarudi. Muhogo huchipua karibu kila mara. Kata sehemu iliyochanika kwa kisu kikali na uuache. Mgomba usipunguzwe majani kwa sababu tu yamechanika, kwa kuwa jani lililochanika lakini bado kijani linaendelea kulisha mkungu. Ondoa lililovunjika shingo, na utegemeze migomba yenye mikungu.

Kahawa ya Kalinzi na Manyovu ndiyo inayohitaji haraka kidogo. Gome lililochubuliwa ni mlango wa magonjwa, kwa hiyo kata matawi yaliyovunjika kwa mkasi uliosafishwa, kisha pulizia dawa ya kopa (dawa ya magonjwa yenye madini ya shaba) mara maji yanapokauka kwenye majani, ukifuata kipimo cha lebo na ushauri wa afisa ugani. Kahawa mbichi iliyodondoka isichanganywe na mbivu, maana itashusha daraja la mzigo mzima.

Mbolea ya kukuzia isiwekwe siku ya kwanza. Mmea usio na majani hauitumii, na mvua inayofuata huisomba. Weka kiasi kidogo pale majani mapya yanapoonekana.

Siku ya 10 ikifika, tembea shambani kwa mistari na uhesabu mimea hai katika hatua 10 za mstari, katika sehemu zisizopungua tano za shamba. Iliyo hai ikizidi nusu na imetawanyika vizuri, jaza mapengo kwa maharage na uendelee na palizi. Ikiwa chini ya hapo, angalia kalenda: hadi mapema Desemba bado unaweza kupanda mahindi ya muda mfupi, lakini kuanzia Januari ni salama zaidi kuliandaa shamba kwa maharage ya Februari na Machi, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu hivi na kuwahi mvua kabla haijakatika.